Kolonoskopi: dawa inywewe yote

*Kipimo cha utumbo mpana kinauma? (Igoma)*

Kolonoskopi ni mpira wenye kamera unaopitishwa sehemu ya haja kubwa. Ukichomwa sindano ya kutuliza, wengi husinzia. Kinachosumbua ni hewa inayopulizwa kutanua utumbo, na kamera inapovuta kwenye kona. Ikiuma, sema, daktari atanyonya hewa na kunyoosha mpira, nesi atakubonyeza tumbo au kukugeuza. Kukaza tumbo kunaongeza maumivu. Ulizia pia kama wanapuliza kaboni dayoksaidi: utumbo huifyonza upesi, ukaitoa kwa pumzi.

*Lita 4 za dawa ya kuharisha ya kusafisha utumbo zimenishinda. Nusu haitoshi? (Kirumba)*

Haitoshi, na swali hili nimelijibu mpaka basi. Kinyesi kikibaki, daktari anaosha badala ya kuangalia, muda unarefuka, hewa inazidi, na huenda ukarudishwa kuanza upya. Halafu utalaumu hospitali. Kama daktari hakukupangia vingine, kunywa lita 2 jioni na 2 alfajiri. Kipimo cha saa 4 asubuhi, anza saa 10 alfajiri: glasi ya mililita 250 kila dakika 15, umalize saa 12. Iweke kwenye friji, tumia mrija, lamba limau. Kichefuchefu kikizidi, pumzika nusu saa, kisha endelea. Paka mafuta ya mgando sehemu ya haja kabla hujaanza kuharisha, na jisafishe kwa maji, usisugue. Umesafika ukitoa maji ya njano yanayopitisha mwanga. Yakiwa bado ya kahawia, mwambie nesi kabla hujapanda kitandani.

Siku tatu kabla, achana na dona, maharage, matembele na mapera: mbegu za mapera huziba tundu la kunyonya kwenye mpira wa kamera. Vidonge vya kuongeza damu viache wiki nzima kabla, vinafanya kinyesi kuwa cheusi na kunata. Ila dawa za sukari na za kuyeyusha damu usiziache wala kuzibadili bila daktari.

*Nikinywea Nansio, nipande kivuko asubuhi? (Ukerewe)*

Safari ya masaa matatu huku unaharisha? Lala Mwanza mjini.

*Tumbo limejaa gesi tangu nipimwe jana. (Nyegezi)*

Jamba, hakuna aibu. Tembea, kisha lala ubavu wa kushoto, magoti kifuani. Maumivu makali, tumbo gumu, homa au damu inayoendelea kutoka: rudi hospitali usiku huohuo.

*Nikishapimwa, naweza kurudi na bodaboda yangu? (Buhongwa)*

Hapana. Masaa 24 baada ya sindano ya kutuliza usiendeshe chombo chochote, wala usisaini hati ya kiwanja.

*Natoa damu chooni, duka la dawa wamesema bawasiri. (Ilemela)*

Wameonaje bila kukupima? Huku ziwani kichocho cha tumbo nacho hutoa damu, na saratani vilevile. Nenda na choo kwenye maabara wiki hii, kisha umwone daktari.