Mazoezi makali: mmeuliza, tunajibu

Nimejiunga na kikundi cha mazoezi ya asubuhi hapa Kirumba, Mwanza. Siku ya pili mikono imevimba, haikunjiki, na mkojo ni kama chai ya rangi. Ni kichocho?

Nenda hospitali leo hii, usingoje kesho. Kichocho kilichozoeleka pembezoni mwa ziwa ni cha tumbo, tena hakivimbishi mikono. Dalili zako ni za misuli iliyochanika kupita kiasi na kumwaga protini kwenye damu, nayo huweza kuua figo. Mweleze daktari ulifanya zoezi gani na kiasi gani, apime mkojo na kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK. Tiba kuu ni dripu. Diklofenaki na ibuprofeni usiziguse, zinaielemea figo. Hali hii huwapata zaidi wageni wa mazoezi, na waliorudi baada ya kukaa miezi, wakashindana na wenyeji kujivuta kwenye chuma. Jua na kiu huzidisha. Huku Kanda ya Ziwa wengi wana vinasaba vya selimundu (sikoseli) bila kuumwa, navyo huongeza hatari hii. Kama unavyo, mwambie mwalimu, na misuli ikilegea au kukaza ghafla, keti.

Nina miaka 48, sukari inapanda. Yananifaa?

Yanakufaa sana, dada: msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na moyo hupata nguvu. Pima presha kwanza. Ukitumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya glibenklamaidi, panga dozi na daktari na ubebe kitu cha sukari. Anza mara 2 kwa wiki, dakika 10: skwati 8 za kukalia kiti, pushapu 8 za ukutani, pumzika dakika 1, rudia. Uweze kusema sentensi fupi. Kifua kikibana, acha. Mlima wa Capri Point utakusubiri.

Hatuna vyuma, tunanyanyua ndoo za mchanga. Sawa?

Sawa, ila jueni uzito. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Ikijaa mchanga mkavu hupita 30, na mchanga uliolowa hukaribia 40. Wengi wanaumia mabega na kiuno hapo, wakidhani wanabeba kilo 20! Ndoo iwe katikati ya miguu, mgongo unyooke, sukuma ardhi kwa visigino. Mgongo ukianza kupinda, raundi imeisha, hata kama saa bado inahesabu.

Kila siku?

Hapana. Mara 3 kwa wiki, siku moja ya kupumzika katikati. Siku hiyo tembea tu.