Sahani iliyorudi tupu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Ungekubali kuhama mtaa wenye kelele ukaishi mtaa wa kimya ambako hakuna anayekujua?", nimelisoma saa mbili asubuhi, nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hata sare sijavua. Nia yangu ilikuwa kulala. Kisha nikaona jibu la yule ndugu wa Mwanza, ambaye baa ya jirani haimpi usingizi, anayesema akipata mtaa wa kimya "kama wa Ulaya" atahama kesho hata bila kufunga mizigo. Usingizi ukaniruka.

Ndugu yangu wa Mwanza, mimi naishi huko unakotaka kuhamia. Huu mwaka wa kumi na tatu. Usije.

Mtaa wetu uko Woking, Surrey, kusini magharibi ya London. Treni ya haraka hukufikisha stesheni ya Waterloo kwa muda usiotimia nusu saa, na hiyo treni ndiyo sababu ya mtaa wenyewe kuwapo. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi unasikia milango ikifungwa polepole, kama watu wanatoroka deni. Gari moja, la pili, la tatu. Kwenye jukwaa la stesheni kila mtu ana mahali pake, anajua mlango wa behewa utasimama wapi, na anayesimama kando yake kwa miaka saba hamjui jina. Ikifika saa tatu mtaani wamebaki paka na tarishi wa posta. Kwa hiyo usidhani ni utulivu wa watu waliotulia. Ni kimya cha watu ambao hawapo. Tangu corona wengi hufanyia kazi nyumbani siku mbili tatu za wiki, lakini mtaani huoni tofauti: wamo ndani, mlango umefungwa.

Na kimya hicho kina historia. Reli ilifika hapa mwaka 1838, stesheni ikawekwa katikati ya nyika tupu, mji haupo. Baadaye London ikajaa makaburi hadi pa kuzikia pakakosekana, ikaundwa kampuni ya mazishi iliyonunua eneo kubwa huku kwetu, na mwaka 1854 ikafungua makaburi ya Brookwood, kituo kimoja tu mbele ya Woking. Maiti waliletwa kwa treni kutoka Waterloo, kwa madaraja: la kwanza, la pili, la tatu. Wafiwa walikatiwa tiketi ya kwenda na kurudi, maiti ya kwenda tu. Treni hizo ziliendelea hadi mwaka 1941. Ardhi iliyozidi mahitaji ya wafu kampuni iliwauzia walio hai, na mji ukaota hapo. Tukisema mtaa wetu umekufa, tuna ushahidi.

Sikatai kwamba kimya kina watu wanaokihitaji. Sultani Jamshid, aliyepinduliwa Zanzibar Januari 1964, aliishi Portsmouth kwenye nyumba ya kawaida, mwisho wa reli hii hii inayopita kwetu, hadi alipohamia Oman mwaka 2020. Zaidi ya nusu karne! Unguja asingeweza kwenda dukani mara moja bila mtaa mzima kujua kanunua nini.

Lakini mimi si sultani, mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na tatu. Ndiyo maana nataka kuwasimulia habari ya sahani.

Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia Juni. Huku Juni jua halizami, linajivuta tu. Tulikuwa tunafuturu karibu saa tatu na robo usiku, kwa hiyo mapishi yangu yalianza saa moja na nusu, na saa mbili nikawa natwanga bizari. Natwanga kwa kinu, ndugu zangu, kinu cha mvule nilichokuja nacho ndani ya sanduku badala ya nguo za baridi. Nyumba zetu zimebebana mbili mbili, ukuta wa kati ni mmoja. Upande wa pili walikaa mume na mke, watu wazima kidogo. Mume alipanda treni ya alfajiri, na kumbe saa mbili usiku alikuwa keshalala.

Siku ya sita ya mfungo nikakuta kikaratasi kimeingizwa kwenye tundu la barua. Mwandiko mzuri, wino wa buluu. Kinaanza kwa kututakia heri na hili jua zuri. Kinasema samahani sana kuwasumbua. Kinasema bila shaka hamna habari kwamba ukuta ni mwembamba, na huenda kosa ni letu kwa kulala mapema mno, na samahani tena. Hadi mstari wa tano ndipo nikaelewa kwamba nimeshtakiwa. Nilihesabu "samahani" tatu. Nilimsomea Baba Salma mara mbili, naye akasema, "Mbona ameandika vizuri?" Mimi nikaona nimetukanwa. Ngamiani jirani angeupiga ukuta ngumi na kuuliza, "We Mama Salma, unatwanga au unajenga?" Ningemjibu, tungecheka, na kesho yake angekuja kuomba hiyo bizari.

Nikahamishia kinu uani, nikawa natwanga saa tisa mchana, jua linanichoma na swaumu. Kisha nikasema hapana, mimi nimelelewa. Nikapika vibibi, vile vikate vidogo vyeupe vya nazi, na sambusa za nyama, nikapanga kwenye sahani yangu ya maua, moja kati ya sita alizonipa marehemu mama, nikabisha hodi. Yule mama alifungua mlango nusu. Alishika mashavu. Akashukuru, akashukuru tena, akasema sikupaswa kujisumbua. Mlango haukuongezeka hata inchi. Nikarudi nyumbani.

Siku ya nne sahani ikarudi. Sikubishiwa hodi, niliikuta kizingitini ndani ya mfuko, imeoshwa inang'aa, na kadi ndogo juu yake. Tupu.

Msomaji wa pwani hahitaji maelezo hapa. Wa bara nimweleze: sahani ya jirani hairudi tupu. Huna kitu, tia ndimu mbili. Huna ndimu, tia sukari kidogo kwenye karatasi. Nilimpigia simu dada yangu Tanga.

"Hata chumvi?" akauliza.

"Hata chumvi, dada."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hao wamekufungia mlango, mdogo wangu." Nami nikaufunga wa kwangu. Miaka mitatu tuliinamishiana vichwa tu, wao wakitoa mapipa ya taka, sisi tukitoa yetu. Mwaka 2019 nikaona ubao wa "inauzwa" umesimikwa mbele ya nyumba yao, ndivyo nilivyojua wanahama.

Nilikusudia kuishia hapo, nimwambie ndugu wa Mwanza: umeona? Lakini nimepanda juu sasa hivi kuitafuta ile kadi, nipate kunukuu maneno yenyewe, na ninayo hapa mezani. Mistari minne. Majina yao wote wawili wameyaandika chini, majina ambayo nimekuwa nikisema siyajui. Na mstari wa tatu unauliza: vile vidogo vyeupe vya nazi vinapikwaje?

Niliusoma wakati ule pia. Niliuchukulia kuwa adabu zao tu, kama zile samahani. Baba Salma ndiye aliyesema, "Huyu amekuuliza swali. Mtu akikuuliza si anangoja jibu?" Nikamwambia yeye hawajui Wazungu. Basi swali lile halikujibiwa, na yule mama huenda naye alisimulia kwao kwamba aliniandikia nikanyamaza. Au huenda ilikuwa adabu tu. Sijui, na ukuta hauwezi kunieleza.

Na kuna jingine, kwa kuwa leo nasema kweli. Desemba iliyopita nilikuwa Tanga wiki tatu, na kulala mchana nilishindwa. Jogoo, bodaboda, wageni wa dada, spika za harusi. Mwili wangu wa zamu ya usiku ulikuwa unakililia kile kimya ninachokisema vibaya hapa. Dada alidhani naumwa.

Kwa hiyo, ndugu wa Mwanza, pale juu nimesema usije na sifuti. Ila kama kazi yako ni ya usiku, njoo. Usije peke yako. Kaa karibu na mahali utakapokuta watu wa kusalimiana nao. Mimi nina msikiti wa Shah Jahan, uliojengwa mwaka 1889, wa kwanza Uingereza kujengwa ukiwa msikiti tangu msingi, na Ijumaa pale ndipo barazani pangu. Na ukiandikiwa kikaratasi, kijibu.

Nyumba ya pili sasa wanakaa vijana wawili wenye mtoto mchanga. Namsikia akilia saa kumi alasiri ninapoamka, na nimeshajua nyimbo anazoimbiwa. Majina yao sijauliza. Jumamosi nitawapelekea vibibi, na maelezo ya kuvipika nitayaandika kabisa. Sahani nimenunua ya karatasi.