Barua kwa mwanangu: bingwa wa dunia anapowekwa akiba

Mwanangu mpendwa Neema,

Hatujambo huku Gloucestershire, na mama yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja, nikaona nikujibu kwa barua, maana swali lenyewe si la kujibiwa kwa mistari miwili ya simu. Umeniuliza: Yasmin Ingham, mpandaji wa Uingereza, alikuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 2022 katika mchezo wa farasi wa hatua tatu, yaani dresaji (farasi kuonyesha hatua zake kwa utii), mbio za nyika na kuruka viunzi; inakuwaje Uingereza inakwenda Olimpiki ya Paris 2024 halafu inamweka akiba? Na kwa vile umeombwa uingie kwenye kamati ya kuchagua vijana watakaopanda farasi kwa niaba ya klabu yenu, unataka kujua wakubwa huchaguaje, usije ukamvunja moyo mtoto wa mtu bila sababu.

Ingham hakuwa wa kwanza. Rosalind Canter alitwaa ubingwa wa dunia kule Tryon, Marekani, mwaka 2018, akiwa na farasi wake Allstar B. Michezo ya Tokyo ilipofanyika 2021, naye akawekwa akiba. Mara mbili mfululizo Uingereza imemweka kando bingwa wa dunia aliyepo, na mara zote mbili timu imerudi na dhahabu. Ile ya Tokyo ilikuwa dhahabu yao ya kwanza ya timu katika mchezo huu tangu Munich 1972. Kwa hiyo siwezi kusema wateuzi walikuwa wamelala.

Kwanza fahamu kwamba tiketi ya Olimpiki ni ya nchi. Timu ikifuzu kwenye mashindano ya dunia au ya bara, kamati ya Olimpiki ya taifa ndiyo inayopata nafasi, na aliyeitafuta nafasi hiyo kwa jasho lake hana hati ya kuimiliki. Kisha hachaguliwi mtu peke yake. Huchaguliwa mtu na farasi wake, wawili kama jina moja. Ni lazima wawe wamefikia viwango pamoja katika mashindano ya ngazi za juu, ya nyota nne au tano: wasizidi alama 45 za adhabu kwenye dresaji, wapite vizuizi vyote vya mbio za nyika bila kukataa hata kimoja, na kwenye kuruka viunzi wasizidi alama 16. Farasi awe ametimiza miaka minane. Tena mwenye farasi awe raia wa nchi ile ile ya mpandaji, na jambo hilo liwe limesajiliwa kufikia katikati ya Januari ya mwaka wa michezo. Mpandaji anaweza kuwa fundi wa mafundi, lakini tajiri mwenye farasi akimuuza Desemba kwa mtu wa nchi nyingine, ndoto imekwisha.

Mtazame Julia Krajewski wa Ujerumani. Farasi wake mkubwa, Samourai du Thot, alipoteza jicho mwaka ule ule wa 2021, miezi michache tu kabla ya Tokyo. Kwa mpandaji mwingine hapo safari ingeishia. Lakini Krajewski alikuwa na farasi jike, Amande de B'Neville, ambaye hakuwa na jina kubwa kama la mwenzake. Akamfikisha kwenye viwango, wateuzi wakawaamini wawili hao, na Tokyo Krajewski akawa mwanamke wa kwanza katika historia kutwaa dhahabu ya mtu mmoja mmoja kwenye mchezo huu wa hatua tatu. Kila nikimfikiria, nafikiria pia wateuzi walioangalia vipimo vya jike yule badala ya sifa za farasi aliyeondoka.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa ndipo jibu la swali lako lilipolala. Rio 2016 timu ilikuwa na watu wanne, na matokeo ya watatu bora ndiyo yaliyohesabiwa. Nchi ingeweza kumpeleka mmoja wa kubahatisha, farasi mwenye kipaji cha kutisha ambaye leo anashinda na kesho anakataa kizuizi, kwa sababu akiharibu, jina lake linafutwa kwenye jumla. Kuanzia Tokyo mambo yakabadilika. Timu ni watatu, na wote watatu wanahesabiwa. Jifya moja haliinjiki chungu, na siku hizi hata mawili hayatoshi.

Kila mmoja huanza na alama za adhabu alizopata kwenye dresaji. Siku ya mbio za nyika, farasi akikataa kizuizi mara moja ni alama 20. Kila sekunde ya kuchelewa ni 0.4. Siku ya mwisho, ufito ukianguka ni 4. Asipomaliza mbio za nyika, timu inabebeshwa 200. Linganisha na hili: Uingereza ilishinda Paris kwa jumla ya 91.3 kwa watu wote watatu. Kumbe mmoja tu akianguka nyikani, anabeba mzigo unaozidi mara mbili alama za timu nzima iliyotwaa dhahabu. Ujerumani waliyaonja hayo kule Versailles, palipofanyika michezo ya farasi ya Paris. Michael Jung alitwaa dhahabu yake mwenyewe akiwa na Chipmunk, lakini mwenzake Christoph Wahler alianguka kwenye mbio za nyika, na timu ikatupwa karibu na mkia.

Ndiyo maana wateuzi hawasomi ushindi kama tunavyousoma sisi. Sisi tunauliza, huyu ameshinda wapi? Wao wanauliza, siku yake mbaya ikoje? Farasi huyu amepita nyikani bila adhabu mara ngapi, na katika ardhi ya namna gani, ngumu au yenye matope? Hufanyaje palipo na makelele ya watu? Akimaliza kukimbia Jumamosi, Jumapili asubuhi anaamkaje? Hilo la mwisho sisi wa mabandani tunalijua kuliko mtu yeyote, maana ndio tunaomtoa nje alfajiri na kuona kama hatua yake ni sawa. Daktari wa mifugo wa timu hufuatilia miguu ya farasi kwa miezi, na neno lake moja linaweza kubatilisha medali za miaka mitatu.

Ukiitazama timu ya Paris kwa jicho hilo, utaona ugumu waliokuwa nao. Canter safari hii alikuwa na Lordships Graffalo, aliyeshinda naye Badminton, mashindano makubwa ya nyota tano ya Uingereza, na ubingwa wa Ulaya, yote mwaka 2023. Laura Collett, ambaye alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia baada ya kuanguka vibaya mwaka 2013, alikuwa na London 52, farasi aliyempa dhahabu ya timu Tokyo na kushinda naye Badminton mwaka 2022. Tom McEwen alikuwa na JL Dublin, bingwa wa Ulaya wa 2021 chini ya mpandaji mwingine, na yeye mwenyewe alikuwa na medali ya fedha ya Tokyo. Ungemtoa nani ili Ingham na farasi wake waingie? Mimi nisingeweza kumtoa yeyote. Collett alirudi na shaba yake binafsi juu ya dhahabu ya timu. Ingham hakuitwa uwanjani, akarudi bila medali, na hilo linaniuma hata leo, kwa sababu alijiandaa sawa na wenzake.

Lakini usiidharau nafasi ya akiba. Siku ya mwisho Paris, asubuhi ya ukaguzi wa farasi, Japani walimwondoa Cekatinka, farasi wa Ryuzo Kitajima. Akaingia Toshiyuki Tanaka na Jefferson. Kanuni inatoza timu alama 20 kwa mabadiliko hayo, na walizilipa. Bado wakamaliza na 115.8 na kutwaa shaba, medali ya kwanza ya Japani katika michezo ya farasi ya Olimpiki tangu ile ya mpandaji wao Takeichi Nishi mwaka 1932. Kama kamati yao ingemjaza mtu yeyote kwenye nafasi ya nne kwa heshima tu, medali hiyo isingekuwapo. Kwa hiyo mtakapochagua akiba wenu, mchagueni kwa uzito ule ule, na afanye mazoezi na timu, si kushika ndoo za maji.

Umeniuliza pia kama ni haki wateuzi kutumia maoni yao badala ya kujumlisha pointi na kuwachukua watatu wa juu. Ninaamini maoni yanahitajika. Pointi za Machi hazijui kwamba farasi ameanza kuchechemea Juni. Lakini maoni yasiyoandikwa ni upendeleo uliovaa koti. Mashirikisho makubwa, la Uingereza na la Marekani, huchapisha utaratibu wao mapema, kila mpandaji akajua atapimwa kwa nini, na aliyeachwa ana njia ya kukata rufaa. Fanyeni hivyo hata kama timu yenu ni ya watoto wa miaka kumi na minne. Andikeni vigezo kabla ya msimu kuanza, kabla hamjajua nani atang'ara. Mwalimu asikae kumpigia kura mwanafunzi wake, wala mzazi mtoto wake, na mwenye farasi atoke nje jina la farasi wake linapojadiliwa. Mtoto aliyeachwa asigundue kwenye tangazo la ukutani, mbele ya wenzake, kwamba jina lake halipo. Mwite kwanza, kaa naye, mwonyeshe vigezo, mwambie ni kipi hakukifikia na afanye nini.

Liko jambo moja ambalo mfumo wa wakubwa haulitatui, na wewe una nafasi ya kulitatua. Ukichagua mtu pamoja na farasi, mwenye pesa ya farasi wawili wazuri ana nafasi mbili, na asiye na farasi hana hata moja. Nimewaona vijana mabandani, wanaofua matandiko ya wengine, wakiwa na mkono mwepesi kwenye hatamu kuliko wenye farasi. Hawajulikani kwa sababu hakuna jina la farasi la kuandika kando ya jina lao. Kwenye klabu yenu watoto wengi wanapanda farasi wa klabu. Basi wapimeni kila mmoja juu ya zaidi ya farasi mmoja, na farasi wapangwe kwa kura. Na msaisi anayewatunza farasi hao aulizwe nani anawapanda bila kuwaumiza midomo, kwa sababu yeye huwaona siku ambazo kamati haipo.

Nitumie rasimu ya vigezo kabla hamjakutana, hasa kipengele cha rufaa na cha uchunguzi wa daktari. Nitakisoma usiku huo huo na kukurudishia. Mama yako anauliza kama zile buti zilikutosha.

Ni mimi baba yako.