Nimeshinda pambano la rap nikapewa fedha: je, ni halali yangu?

SWALI

Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 22, nachana tangu niko shule. Siku hizi kuna mashindano ambapo watu wawili husimama uso kwa uso, bila muziki, kila mmoja ana raundi tatu za kumshambulia mwenzake kwa mistari, kisha majaji hupiga kura. Tulijiandikisha watu 16, kila mtu akalipa ada, na ada hizo ndizo zilizokuwa zawadi ya mshindi. Nilishinda mimi. Kwenye fainali nilimmaliza mwenzangu kwa mistari juu ya baba yake, aliyewakimbia akiwa mdogo. Ukumbi ulilipuka. Tulipomaliza tulikumbatiana, akaniambia hana kinyongo, mchezo ndivyo ulivyo. Mama yangu anasema fedha zile ni haramu, hataki kuziona nyumbani. Marafiki zangu wanasema mbona Mtume (s.a.w.) alikuwa na mshairi wake wa kuwashambulia maadui. Nani yuko sahihi? Na fedha nizifanyeje? Sijazigusa.

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu, umefanya jema kuuliza kabla hujazila. Wengi huniletea swali fedha zikishakwisha, wanataka fatwa ya kuosha sahani iliyokwisha lambwa.

Mimi si mtu wa kumbi hizo, na sikutaka kukujibu kwa kusikia tu. Nilimwomba kijana mmoja wa darsani anionyeshe pambano kwenye simu yake. Nikiri kwamba dakika za mwanzo nilicheka. Yule wa kwanza alikuwa na vina vilivyonyooka na maneno yenye maana mbili, na kila alipokamata shabaha watu walipiga kelele. Kisha akaingia kwa dada wa mwenzake. Mwenzake alikuwa amesimama hatua moja tu mbele yake, ametabasamu kama walivyozoea kufanya ili wasionekane wameumia. Tabasamu lilibaki, ila taya lilikuwa likitembea. Nikamwambia kijana azime simu.

Kuchana kwenyewe hakunisumbui. Ni maneno yenye vina, na Imam Shafii alikwisha kusema kwamba shairi ni maneno, zuri lake ni zuri na baya lake ni baya. Sura ya 26 inawataja washairi wanaofuatwa na wapotovu, wanaosema wasiyoyatenda, kisha inawatoa walioamini, wakatenda mema, wakamtaja Mwenyezi Mungu kwa wingi na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Watu husoma aya ya 224 wakafunga msahafu kabla ya kufika ya 227.

Sasa hoja ya marafiki zako. Ni kweli Hassan bin Thabit (r.a.) aliambiwa na Mtume (s.a.w.) awajibu washirikina kwa mashairi, na kwamba Jibril yu pamoja naye. Yamo katika hadithi za Bukhari na Muslim. Lakini kisa kina mwendelezo ambao marafiki zako hawakukupa. Waliokuwa wakishambuliwa ni Makureshi, na Mtume mwenyewe ni Kureshi. Basi akamwambia Hassan asifanye haraka, aende kwanza kwa Abu Bakr, mjuzi wa nasaba za Makureshi, amchambulie nani ni nani. Hassan alipotoka huko akaapa kwamba atamchomoa Mtume kati yao kama unywele unavyochomolewa katika unga uliokandwa. Unywele hutoka, na unga haushikani nao. Hayo ni maneno ya mtu anayejua ulimi wake unakata, akaogopa kumgusa asiyehusika. Tena alikuwa akijibu waliokwisha kuanza, kwa amri, katika vita, na hakuna aliyeweka ada mezani. Wewe ulikuwa na mpinzani mmoja jukwaani, ukaenda kumchota baba ambaye hakuwemo hata ukumbini.

Kama unatafuta kisa kinachofanana na mashindano yenu, kipo, na nashangaa hakitajwi. Mwaka wa 9 Hijria ujumbe wa kabila la Banu Tamim ulifika Madina ukataka kushindana kwa kujifakhari. Wasimulizi wa sira wanasema msemaji wao, Utarid bin Hajib, alianza, akajibiwa na Thabit bin Qays. Kisha mshairi wao Zibriqan bin Badr akasimama, akajibiwa na Hassan. Al-Aqra bin Habis, mmoja wa wakuu wao, akakiri kwamba msemaji na mshairi wa upande wa pili wamewazidi. Wakasilimu, na Mtume akawapa zawadi. Angalia walichoshindania. Kila upande ulisifu chake. Na zawadi walipewa walioshindwa, kwa kuwa walikuwa wageni na wamekubali haki. Haikuwa dau.

Huyo huyo Zibriqan baadaye alipatwa na ulimi wa al-Hutay'a, mshairi aliyekuwa hamwachi mtu. Akamshitaki kwa Umar bin al-Khattab (r.a.). Mstari wenyewe haukuwa na tusi la nguoni; ulimwambia tu akae asijisumbue kufuata mambo ya heshima, maana yeye ni mtu wa kulishwa na kuvishwa. Leo mstari huo ungepita jukwaani bila mtu kugeuza shingo. Umar alimwita Hassan, fundi wa kazi hiyo, aupime, naye akathibitisha kwamba ni kashfa, tena nzito. Al-Hutay'a akatiwa ndani. Alitoka baada ya kumwandikia Umar beti juu ya watoto wake, akiwafananisha na makinda yasiyoota manyoya, na Umar akalia.

Vijana wa darsani waliniambia kitu ambacho sikukijua. Katika rap, pambano linalotajwa sana kuwa lilibadilisha mchezo ni la mwaka 1981 kule Harlem, New York, kati ya Kool Moe Dee na Busy Bee. Busy Bee kazi yake ilikuwa kuchangamsha watu. Kool Moe Dee akaja akamgeukia yeye mwenyewe, akamchambua mbele ya ukumbi. Kwa hiyo hata kwa kipimo cha wenyewe, kumvunja mtu hakukuwa roho ya sanaa hii tangu mwanzo. Kulikuja kushika nafasi, na kukapata soko.

Unasema mwenzako hana kinyongo. Nakubali kwamba mtu anaweza kusamehe haki yake. Baba yake je, alisaini wapi? Mtume (s.a.w.) alisema kwamba katika madhambi makubwa kabisa ni mtu kuwatukana wazazi wake. Wakauliza, mtu anawatukanaje wazazi wake? Akasema anamtukana baba wa mwenzake, naye anamtukania babake. Raundi tatu kwa raundi tatu, hicho ndicho mlichokuwa mkikifanya, na majaji wanakipa alama. Wala usijibu kwamba yule baba ni mkosaji kweli, amewatelekeza watoto. Kusema aibu ya kweli ya mtu asiyekuwepo ndiyo kusengenya kwenyewe. Ingekuwa uongo, ungekuwa umemzulia.

Na hapo hujafika penye moto zaidi. Mistari mingi niliyosikia inamtuhumu mama au dada wa mtu kwa zina. Huo katika sheria ni uzushi ambao Qur'ani, sura ya 24 aya ya 4, imeuwekea mijeledi 80 kwa asiyeleta mashahidi wanne. Kina hakimtoi mtu humo. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, nao walikuwa hawajaona simu zinazorekodi, mstari ukarudiwa na maelfu wasiomjua mama huyo ila kwa lile tusi.

Hata baina yenu wawili, ridhaa haihalalishi maneno machafu. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi inasema muumini si mtu wa kuchoma heshima za watu, wala wa kulaani, wala wa maneno ya ufuska. Ni sifa ya muumini mwenyewe, haisubiri mpinzani alalamike.

Kuhusu fedha, mama yako yuko sahihi. Watu 16 wametoa, mmoja anaondoka nazo, 15 wanarudi mikono mitupu. Kila aliyeingia alikuwa ama apate ama apoteze. Hiyo ni kamari iliyotajwa katika sura ya 5 aya ya 90, hata kama kilichoshindaniwa kingekuwa mashairi ya kumsifu Mtume. Hadithi imeruhusu dau katika mbio za ngamia na farasi na kurusha mishale. Wapo wanazuoni walioyalinganisha na hayo mashindano ya elimu, lakini sijaona pa kupenyeza kuvunjiana heshima.

Ingekuwa zawadi inatoka kwa mdhamini, washiriki hawatoi chochote, na maneno ni safi, wanazuoni wengi wa zama hizi wanairuhusu, nami naelekea huko, ingawa wapo katika madhehebu yetu wanaobana zaidi. Mdhamini awe mtu wa halali, si kampuni ya pombe wala ya kubashiri. Na watazamaji wanaowekeana dau pembeni, hao hawahitaji fatwa mpya.

Basi fanya hivi. Ada yako uliyotoa ni yako, ichukue. Zilizobaki ni mali za wale 15, warudishie mmoja mmoja. Orodha ya waliojiandikisha ipo. Atakayesema kwa moyo mkunjufu, baada ya kujua sababu, "nimekuachia," hiyo sasa ni hiba. Usiyempata kabisa baada ya kumtafuta, mtolee sadaka kwa niaba yake. Wengine watakucheka. Vumilia.

Sikukatazi kuchana. Ulimi ulioweza kuulipua ukumbi ni neema, na Mtume (s.a.w.) alisema katika ufasaha mna uchawi. Shindaneni kwa mada, kwa hekima, kwa kujisifia ufundi kama Banu Tamim, kwa utani usiogusa nyumba ya mtu. Mtagundua ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu kelele za ukumbi haziji kwa urahisi kama zinavyokuja ukitaja mama wa mtu.

Lakini kabla ya fedha, anza na yule wa fainali. Nenda kwake mwenyewe, usimtumie ujumbe, na uende wakati hakuna anayetazama. Mwambie yale ya baba yake hukustahili kuyasema. Pale jukwaani alikuwa na watu wote wakimwangalia, asingeweza kusema ameumia hata kama ameumia. Huyo baba, kama hujui alipo, muombee dua na msitirie. Na video ikiwa mkononi mwako, ifute leo. Ikiwa kwa waandaaji, waombe waiondoe.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.