Smuthi ya embe na tangawizi: kamua, usisage

Mie si mpishi jamani, tuelewane mapema. Ni mtu wa ofisini naamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, na asubuhi hiyo nina dakika kama saba hivi za kuweka kitu tumboni kabla sijatoka, chapati za kukanda nani azikande saa hizo. Kwahiyo smuthi kwangu ilianza kama uvivu tu, si mambo ya dayati wala nini. Embe, nanasi, kipande cha tangawizi, blenda, basi.

Shida ilikua tangawizi. Kwa karibu mwaka mzima nilikua namenya kipande natupa kizima kizima kwenye blenda, nasaga mpaka blenda inalia kama bodaboda inapanda mlima, afu nikinywa funda la kwanza sisikii kitu, la pili meno yanashika nyuzi, la tatu kuna kibonge hakikusagika kinanilipukia kooni napaliwa mpaka machozi. Nikaongeza tangawizi, ikawa mbaya zaidi. Nikapunguza, ikawa juisi ya embe ya kawaida tu.

Alienifundisha ni kaka mmoja muuza juisi ya miwa kule Buguruni. Si unajua wanavofanya, anakunja muwa, katikati anabana ndimu na tangawizi, anaupitisha kwenye mashine, anaukunja tena anaurudisha, na ukipewa glasi unasikia tangawizi kuanzia funda la kwanza mpaka la mwisho sawasawa. Nikamuuliza, kaka, mbona yako haina nyuzi? Akacheka. "Dada, mie sisagi tangawizi, naikamua. Nyuzi si hizo hapo kwenye makapi." Akanioneshea rundo la makapi chini. Nilijiona mjinga kweli maana hiyo juisi nimeinywa tangu niko mtoto.

Basi toka siku hiyo nafanya hivi. Jumamosi nanunua tangawizi kama nusu kilo, ikipatikana ya Same huwa sijiulizi mara mbili. Naiosha vizuri udongo wote utoke, napara maganda kwa kijiko cha chai (kisu kinakula nyama yote, kijiko kinafuata mikunjo), nakatakata vipande vyembamba kwa upana, yaani ukatize nyuzi zisibaki ndefu, natwanga kwenye kinu. Ukiwa na grata sawa, ila kinu hakikwangui vidole. Naongeza maji kidogo yaliyochemshwa yakapoa, naweka kwenye kitambaa kile cha kuchujia tui, nakamua kwa nguvu zote. Hayo maji ukiyaacha yatulie utaona chini kuna unga mweupe, usiogope, ni wanga wa tangawizi yenyewe, koroga tu kabla ya kumimina. Namimina kwenye trei ya barafu naweka friza. Tayari nina vidonge vya tangawizi vya wiki mbili tatu, na asubuhi kidonge kimoja kwa glasi mbili kinatosha, mie mwenyewe naweka viwili maana nimezoea.

Kuhusu tangawizi ya unga, watu wanadhani ni dhaifu kwa vile imekauka. Thubutu. Ikikauka ukali wake unabadilika unakua mkali zaidi, ile inayochoma chini kifuani, afu harufu nzuri ya ndimundimu inapotea. Ukiwa huna mbichi weka robo kijiko cha chai, usimwage kwa macho.

Sasa matunda. Haraka ya asubuhi inatafutwa wikiendi, hapo hakuna mjanja. Msimu mkubwa wa maembe huku Dar unaanza kama Novemba hivi mpaka Februari, na kwenye msimu dodo moja bei ya pipi, ndo wakati wa kununua ndoo nzima, kumenya, kukata vipande na kugandisha. Ya mwaka jana nilikua nayo mpaka mwezi wa tano. Dodo ndo nalipenda kwa smuthi kwa vile lina nyama nyingi na halisumbui kwa nyuzi, bolibo pia zuri, sindano tamu kupita yote ila jiandae kuchuja. Nanasi natafuta la Kiwangwa, hilo ukilikata nyumba nzima inajua. Tandaza vipande kwenye sinia kwanza vigande kimoja kimoja, ndo uhamishie kwenye kopo, vinginevyo utapata jiwe moja la embe la kilo mbili na asubuhi utalipigania kwa kisu na mwiko. Na uyaweke mbali na samaki! Friza yetu ina kibua na changu muda wote, embe lisilofunikwa vizuri linavuta harufu yote, kuna siku nilimpa mume wangu smuthi akanyamaza, akaniangalia, akauliza "mama, humu umeweka dagaa?" Kopo la aiskrimu lenye mfuniko wake linafaa, ila andika juu maana kwenye nyumba za Kiswahili kopo la aiskrimu halijawahi kuwa na aiskrimu.

Vipimo vyangu kwa glasi mbili kubwa: vipande vya embe vilivyoganda vikombe viwili, nanasi kikombe kimoja, ndizi kisukari moja iliyoiva mpaka ina madoa meusi, pasheni mbili, kidonge cha tangawizi, maji au tui jepesi la nazi kama kikombe kimoja, na chumvi chembe mbili tatu. Chumvi usiiruke, inaamsha utamu, ndo kile kile tunachofanya kwenye embe bichi na pilipili. Sukari sijawahi kuweka, embe la msimu ukiliwekea sukari unalitukana.

Kimiminika kinatangulia kwenye blenda, afu ndizi, afu vilivyoganda juu. Ukianza na vilivyoganda visu vinazunguka kwenye hewa tu na mota inachoka. Nimeshaunguza blenda moja hivo, ilitoa moshi na harufu ya waya, fundi akaniambia nunua nyingine. Siku hizi naiwasha sekunde kumi, nazima, natikisa, naiwasha tena, jumla haifiki dakika moja. Pasheni naichuja pembeni namimina mwisho nikiwa nimeshasaga, maana mbegu zake zikisagwa zinaleta uchungu na ile hali ya mchanga kwenye ulimi.

Hapa kwenye maziwa ndo nataka usome taratibu. Kipindi cha mwanzo nilikua naweka maziwa fresh, na nikinywa papo hapo haina neno, tamu kabisa. Siku moja nikasema ngoja nirahisishe maisha, nitengeneze usiku niweke kwenye friji asubuhi nibebe chupa niondoke. Nimefika ofisini saa tatu nafungua, kitu kimekatika, maji juu mabonge chini, na uchungu kama wa mwarobaini. Nikalaumu maziwa, nikaenda mpaka dukani kwa mangi nikanuna. Kumbe maziwa hayana kosa. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini ambacho kazi yake ni kuvunjavunja protini, ndo maana ukila nanasi jingi ulimi unawasha, na ukikiacha na maziwa au mtindi usiku kucha kinavunja protini za maziwa na vile vipande vinavyobaki ni vichungu. Papai nalo lina cha kwake. Na tangawizi mbichi pia inacho! Yaani mie nilikua nimeweka maadui wawili kwenye chupa moja afu nashangaa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hili nilishafundishwa na mama miaka hiyo bila kujua. Kwenye chai ya maziwa alikua hataki kabisa umwage tangawizi kwenye maziwa moja kwa moja, anakwambia tanguliza tangawizi kwenye maji ichemke kwanza la sivyo maziwa yatakatika. Tukifanya haraka yanakatika kweli na tunachezea kofi. Ndo hicho hicho, moto unakiua kile kimeng'enya. Kugandisha hakukiui, kunakilaza tu, kwahiyo usidhani nanasi likitoka friza limepona. Ukitaka smuthi ya maziwa inywe hapo hapo, au toa nanasi uache embe na ndizi, na tangawizi uichemshe dakika tano kabla ya kuikamua, itapungua ukali kidogo lakini itakua rafiki. Ya kubeba mie naweka tui au maji. Tui halijawahi kunifanyia ule mchezo, na embe na nazi wanaelewana toka zamani.

Viungo vingine nimejaribu. Iliki na embe bila nanasi ni kitu cha harusini, punje mbili tu zilizotwangwa. Mdalasini unakubali kwenye papai na ndizi. Pilipili manga kidogo kwenye nanasi, usicheke, jaribu. Karafuu hapana, niliweka tatu mdomo ukafa ganzi kama nimetoka kung'oa jino, na kweli si ndo inayowekwa kwenye jino linalouma.

Watu wa kwenye magrupu ya WhatsApp watakwambia tangawizi inatibu kila kitu mpaka madeni. Mie najua inanipasha mwili asubuhi za mwezi wa saba kukiwa na kibaridi, na safari ya daladala tumbo halinichafuki, hayo mengine siwezi kusema. Dada yangu mwenye vidonda vya tumbo akiinywa inamchoma, kwahiyo ya kwake natoa kabisa naweka iliki. Na kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi muulize daktari wako kabla hujaanza kumeza vidonge viwili kila siku kama mie. Watoto wape robo ya kidonge, waanze kuzoea.

Umeme ukikatika asubuhi, na huwa unakatika siku ile ile umechelewa, ponda ndizi na embe lililoyeyuka kwa uma, mwagia maji ya tangawizi, kula na kijiko. Si smuthi lakini utafika kazini umeshiba.

Blenda ioshe hapo hapo kabla embe halijagandia kwenye visu, mimina maji na tone la sabuni, iwashe sekunde kumi, suuza. Na yale makapi ya tangawizi uliyokamua Jumamosi usiyatupe, bado yana nguvu, mie nayatupia kwenye birika la chai ya jioni.