Siku ya bustani ya burudani Mombasa na watoto wadogo: mpango wa kutoka Malindi

Wa aleikum salaam dadangu. Umesema mna mtoto wa miezi saba na dada yake anayekaribia miaka mitatu, mnakaa Malindi, na baba watoto anataka likizo ya Desemba muwapeleke Mombasa kwa siku moja: asubuhi Haller Park kuona wanyama, mchana bustani ya maji yenye mitelezo, jioni mpitie madukani, usiku mrudi nyumbani. Umeuliza kama inawezekana na mbebe nini.

Watu wazima wataiweza siku hiyo. Kwa hawa wawili, chagueni jambo moja tu na liishe kabla ya adhuhuri. Mimi ni mama wa watatu, na njia hiyo ya Mombasa nimeipita nao tangu wakiwa mapajani hadi sasa wanakimbia wenyewe, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Anza na usingizi. Mtoto wa miezi saba hawezi kukaa macho zaidi ya saa mbili au tatu mfululizo, na huyo mkubwa bila shaka bado analala mchana. Mpango wowote usiowapa nafasi ya kulala utavunjika kwa kilio, hata mngelipa tikiti za bei gani. Bahati yenu ni kwamba mnatoka mbali. Malindi hadi Bamburi, iliko Haller Park, ni zaidi ya kilomita mia moja, na mwendo huo wa gari ndio kitanda chenu. Mkisali alfajiri na kuondoka saa kumi na mbili, wabebeni watoto wakiwa wamevaa nguo zao za kulalia, wamalizie usingizi njiani. Simameni Kilifi, anyonye, mkubwa apate uji na akojoe, abadilishwe nguo. Mkiendelea mapema hivyo mtapita Mtwapa kabla joto halijakaza, ingawa foleni ya Mtwapa haina adabu saa yoyote. Saa tatu kasoro mko getini, watoto wameshiba na wamepata usingizi. Hizo saa mbili na nusu au tatu za kwanza ndizo siku yenu yote ya burudani. Saa tano u nusu malizeni matembezi, kaeni kivulini mle, saa saba gari lirudi njia. Watalala kuanzia Shanzu, na mkibahatika hawataamka hadi Matsangoni.

Madukani mjini sahau. Kwanza ukitoka Malindi, Bamburi unafika kabla ya daraja la Nyali, na kuvuka kwenda kisiwani kisha kurudi mchana kunakula ule muda wote wa usingizi mliouokoa asubuhi.

Sasa wapi. Baba watoto ana hamu ya mitelezo na namwelewa, lakini mtoto wa miaka mitatu ana urefu wa karibu sentimita 95, na mitelezo mikubwa huwa na kipimo cha urefu pale chini ya ngazi. Hatafika. Atasimama chini akitazama watoto wa watu wakiteremka na kupiga kelele za furaha, naye amezuiwa. Wa miezi saba ndiyo kabisa, hana lake pale. Mtalipa kwa ajili ya kidimbwi cha watoto chenye maji ya magotini, na maji hayo mnayo Malindi bure: bahari ikitoa, vidimbwi vinabaki kwenye mwamba na vina kaa na samaki wadogo ndani.

Haller Park ni jambo jingine. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, jangwa jeupe la matumbawe. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo, na mvinje ndio uliokubali kumea kuliko mingine. Majani yake makavu yalikuwa hayaozi, mpaka wakaletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Leo ni msitu. Nakueleza haya kwa sababu msitu ndio faida yenu kubwa: mtoto wa miezi saba anakaa kivulini asubuhi nzima. Na huyo wa miaka mitatu, nakuhakikishia, kitakachomshika zaidi ni jongoo mwekundu wa njiani na kobe wakubwa wanaotembea polepole kiasi cha yeye kuwafuata kwa miguu yake. Twiga hulishwa kwenye jukwaa, wageni wanapewa chembe za chakula mkononi na twiga anazichukua kwa ulimi. Ukiingia tu uliza getini wanalishwa saa ngapi, kisha mpange matembezi yenu kuzunguka saa hiyo. Ulimi wa twiga ni mrefu na mweusi, na watoto wengine huogopa; asilazimishwe, amtazame baba yake akilisha.

Msimulieni mkubwa njiani kisa cha kiboko Owen. Ni kisa chetu cha Malindi. Desemba 2004, wakati wa ile tsunami, kiboko mdogo alibaki peke yake baharini hapa kwetu baada ya mafuriko ya mto Sabaki kumsukuma na wenziwe hadi kwenye maji ya chumvi. Watu wakahangaika naye kwa nyavu mpaka wakamtoa, akapelekwa Haller Park. Kule akamganda kobe mzee wa Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi na jina lake lilikuwa Mzee. Akamfuata, akalala ubavuni pake, dunia nzima ikaja kuwapiga picha. Mtoto akifika pale akiwa anakijua kisa, kobe wa kwanza atakayemwona atamwita Mzee.

Vijia vya mle ni vya mchanga na mawe kidogo. Kigari cha mtoto kinapita lakini kwa kusukumwa sana, kwa hiyo mimi huchagua mbeleko au leso mbili. Mtoto mgongoni anaona, analala akitaka, na mikono yako iko huru kumshika mkubwa. Karibu na mamba na viboko huyo mkubwa asiachwe hata hatua tatu. Kuta zipo, lakini mtoto wa miaka mitatu hupanda.

Nikirudi kwenye maji, kwa sababu huenda baba watoto akashinda na mkaenda huko, hapa ndipo nataka usome taratibu. Mtoto mdogo anazama kwenye maji ya sentimita chache, na anazama kimya. Hapigi kelele, harushi mikono kama tunavyodhani. Yale maboya ya kuvaa mikononi na maputo ya kiunoni ni vitu vya kuchezea, yanachomoka na yanapinduka. Mtu mzima akae ndani ya maji pamoja na mtoto, umbali wa mkono wake kumfikia. Tena awe mtu mmoja kwa jina. Nimeona mara nyingi familia ya watu wazima wanne au watano imekaa ukingoni, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayemwangalia mtoto. Semeni kwa mdomo: "Sasa ni mimi." Ukitaka kwenda kusali au kula, mwambie mwenzako, "Shika wewe," na usiondoke mpaka akujibu. Simu iingie mkobani. Mlinzi wa bwawa akiwepo ni heri, lakini ana watoto mia wa kuangalia, nawe una wawili.

Huyo wa miezi saba akiingia majini dakika kumi zinamtosha. Mwili wake hupoteza joto upesi hata kwenye jua letu, na ukiona midomo inabadilika rangi au anatetemeka, mtoe, mkaushe, mweke kifuani. Nepi ya kawaida hunywa maji ikafura mpaka ikamvuta chini, kwa hiyo tafuta zile za kuogelea. Nawe ulizia mavazi mapema kwa simu. Mabwawa mengi hayakubali nguo za pamba majini, na mama aliyekuja na dera na leso huambiwa akae nje. Zipo nguo za kuogelea zenye stara za kitambaa kinachokubaliwa. Nunua kabla, usingoje kubishana getini na mtoto mgongoni.

Joto. Desemba ndipo kaskazi, upepo wa msimu wa joto, inaanza kupasha, na itazidi hadi Machi. Kama likizo ya Agosti ingewafaa ningewaambia msubiri, hewa inakuwa ya kusi, yenye ubaridi kidogo. Mkienda Desemba, kofia pana na nguo nyepesi za mikono mirefu zinafanya kazi kubwa kuliko losheni ya jua, ingawa kwa kuwa mdogo ameshapita miezi sita anaweza kupakwa kidogo usoni na mikononi. Mpe titi mara nyingi kuliko nyumbani, na maji safi yaliyochemshwa kwa vijiko. (Mama mwenye mtoto chini ya miezi sita akisoma hapa: wako hahitaji maji hata kwenye joto hilo, maziwa yako yanatosha, mnyonyeshe mara nyingi zaidi.) Dalili za kupungukiwa maji zijue kabla ya kutoka nyumbani: nepi kavu kwa saa nyingi, kulia bila machozi, mdomo mkavu, utosi kubonyea, usingizi usio wa kawaida. Ukiziona, mnaondoka kwenda kwa daktari, hamngoji twiga alishwe.

Chakula nikupe cha kwetu. Uji wa wimbi kwenye thamosi, ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha vilivyopondwa kwa mdogo, mahamri kwa wakubwa. Mbaazi za nazi acha nyumbani, nazi huchacha haraka kwenye gari la moto. Mabuyu na njugu msimpe huyo wa miaka mitatu, hasa gari likitembea. Mbegu ya mbuyu ni saizi ya kumkaba kabisa, na pwani tunawapa watoto kama pipi bila kufikiri. Kama mdogo anatumia maziwa ya kopo, beba unga mbali na maji ya moto mbali, uchanganye anapotaka kunywa, na kilichobaki baada ya saa moja kimwagwe. Sehemu nyingine zinakataza chakula cha nje, lakini cha mtoto mchanga kwa kawaida hupita ukikieleza kwa upole getini.

Mkoba usiwe mkubwa. Nepi za siku na mbili tatu za ziada, leso za kutosha (ni shuka, ni taulo, ni pazia la kunyonyeshea, ni mbeleko), nguo za kubadilisha pamoja na blauzi yako wewe, sabuni, mfuko usiopitisha maji wa vichafu, dawa ya homa mliyoelekezwa na daktari, na pakiti za maji ya chumvi na sukari za duka la dawa. Vya kuchezea visizidi kimoja. Msitu una majani na vijiti.

Asubuhi kabla ya kushuka garini mpige mkubwa picha, ili mkimpoteza muwe na picha ya nguo alizovaa siku hiyo. Mwandikie namba yako ya simu kwa kalamu mkononi. Mvalishe rangi kali, chungwa au manjano, inayoonekana katikati ya watu.

Na mwombe nyanya yao au shangazi aje nanyi. Watoto wawili wa umri huo ni kazi ya watu wazima watatu, na nyanya akikaa kivulini na mdogo, wewe unapata nusu saa ya kumshika mkono bintiyo peke yake. Mimi hizo nusu saa nazithamini kuliko picha zote.

Kabla ya Mombasa nashauri mwende Gede kwanza, kwenye magofu ya mji wa kale, wiki moja au mbili mbele. Ni kama kilomita 16 tu, kuna miti mikubwa juu ya magofu, kuna kima, na pale pale kwenye lango kuna Kipepeo, mradi ulioanza 1993 ambao wakulima wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo. Huyo wa miaka mitatu atasimama ndani ya nyumba ya vipepeo hatataka kutoka. Nendeni jua likiwa limetoka, ndipo vipepeo huruka. Kwenye magofu mshike mkono muda wote, visima vya kale ni vingi na ni virefu, na chakula kifichwe kwa sababu kima ni wezi. Mtajua hapo mdogo anavumilia mbeleko kwa muda gani, na mkubwa anachoka saa ngapi. Mkiona saa mbili zimemtosha Gede, Bamburi msimpangie nne.

Siku za kuepuka ni Idd mosi na pili, Krismasi yenyewe na kesho yake, na mwaka mpya. Chagueni Jumanne au Jumatano.

Hukusema kama mna gari lenu. Mkikodi, mwulizeni dereva kuhusu kiti cha mtoto kabla ya kukubaliana bei, na kama hana, kiazimeni. Mkipanda matatu, kwenda ni rahisi, mnashukia Bamburi barabarani. Kurudi ndiko kugumu, kwa sababu zinazotoka Mombasa kuja Malindi huwa zimejaa zikifika pale. Itabidi mchukue ya Mtwapa kwanza, muunganishe hapo, na hesabu ya kuondoka isogee kutoka saa saba hadi saa sita. Niambie mnaendaje nikupangie upya saa za kunyonyesha.