Daktari wa upasuaji apandaye Batian: je, anajiangamiza?

SWALI: Assalaamu alaykum, shekhe. Mimi ni daktari wa upasuaji katika hospitali ya kaunti, na tuko wawili tu. Nikipata likizo hupanda Mlima Kenya kwa kamba hadi Batian, kilele chake cha juu kabisa. Ustadh mmoja kaniambia ni haramu, nimejitia katika maangamizo, na nikifa huko nimejiua. Mama kasikia, hali chakula wala halali usingizi. Nami nikifiwa na mgonjwa mezani, mlimani ndiko moyo wangu unakotulia.

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Daktari, hilo neno “kujiua” limeniudhi. Anayejiua anakusudia kufa. Wewe unajifunga kamba kwa sababu unataka kushuka salama.

Na aya ile, “Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo” (2:195), imegeuzwa rungu la kumpigia kila mtu. Swahaba Abu Ayyub al-Ansari, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwasikia watu wakiitumia hivyo vitani mbele ya Konstantinopoli (Istanbul ya leo), akawarudi: iliteremka kwetu sisi Answari, watu wa Madina, tulipotaka kukaa na mali zetu tuzitengeneze, tukaacha jihadi. Ni kweli, wanazuoni huchukua upana wa tamko lake, lakini kwa hatari ambayo dhana yenye nguvu ni kwamba itaua. Ingekuwa kila hatari ni haramu, mvuvi asingetoka na ngalawa, na ustadh mwenyewe asingepanda bodaboda bila helmeti kuja kutoa darsa.

Uzembe ndio haramu. Mtume (s.a.w.) amesema anayelala juu ya dari isiyo na ukingo, dhima, yaani ulinzi wa Allah, imemtoka. Kamba yako ndiyo ukingo wako. Kupanda peke yako, au kung'ang'ania mwamba mawingu yameshafunga, huko ndiko kulala juu ya dari isiyo na ukingo.

Linalonishughulisha mimi ni ule “wawili tu”. Tiba ni faradhi ya kifaya, wajibu wa jamii nzima unaotimizwa na wachache kwa niaba ya wote, na mko wawili wa kuibeba. Sheria imekiwekea kila kidole diya, yaani fidia, ya ngamia kumi. Chako kikivunjika, nani atampasua mama mwenye uzazi uliokwama usiku wa manane? Kwa hiyo usiende mwenzako akiwa hayupo, wala ukiwa umetoka zamu ya usiku hujalala. Mpaka mpate wa tatu, mimi ningekushauri uishie kilele cha Lenana, mita 4,985, kunakopandwa kwa miguu. Hilo ni shauri, si hukumu.

Mama usimfiche safari. Mwambie siku ya kushuka, umpigie ukifika getini. Na huyo mgonjwa aliyekufia mezani, mtajie mtu mmoja unayemwamini, mlima haujibu. Pete ivue kabla ya kushika mwamba; wewe unajua kuliko mimi inavyofanya kidole ikinasa.

Wallahu a'lam.